Asidi ya choo si dawa ya rimu

Mhariri,

Msomaji wenu mmoja aliandika katika ukurasa huu kwamba waosha magari wa Malindi ni wavivu. Gari lake, alisema, liliingia limejaa vumbi likatoka linameta, ila rimu zilibaki na madoa ya hudhurungi vilevile kama zilivyokuja, na pesa akatozwa kamili. Akamalizia kwa kutupa ushauri: mbona hatutumii asidi, tukamaliza kazi kwa dakika mbili?

Mimi nina uwanja wa kuoshea magari hapa Maweni. Kabla ya hapo nilikuwa na saluni, na vijana wanaonifanyia kazi mpaka leo huniita Mama Saluni. Neno la uvivu nimelisikia na nimelimeza, maana wavivu wapo, hata kwangu nimeshawafukuza. Hilo la asidi ndilo lililonikalisha chini niandike.

Kwanza bwana huyo aelewe kilichoko kwenye rimu zake. Si tope, si vumbi la njiani. Ukikanyaga breki, pedi hubana diski. Diski ni chuma cha kusubu. Pedi ni nyuzi, unga wa metali, grafiti na gundi iliyokaushwa kwa moto. Vyote viwili hulika kidogo kidogo, na unga unaotoka hapo ni laini kuliko unga wa ngano uliochekechwa, tena hutoka ukiwa wa moto. Chembe za chuma zikitua kwenye rimu hujichoma ndani ya vanishi. Zikishakaa humo, unyevu huzifikia, zinapata kutu, na kutu huvimba na kushika palepale. Ndiyo hayo madoa ya hudhurungi. Shampuu huondoa mafuta na vumbi, kutu haiigusi. Kijana anaweza kusugua rimu hiyo kwa sabuni tangu alfajiri mpaka adhuhuri, na doa litabaki likimwangalia.

Sasa liweke jambo hilo hapa kwetu pwani. Kutoka Mombasa mpaka Malindi ni kama kilomita 120, na anayeijua barabara ile anayajua matuta yake. Mtwapa matuta, Kilifi matuta, Gede matuta, na kila penye shule au soko tuta jingine. Kila tuta ni breki. Dereva wa matatu anayekimbizana na wenzake hukanyaga breki ya nguvu mpaka abiria wa nyuma wakajikuta mbele. Gari likifika Malindi rimu ni nyeusi na za moto, halafu linaegeshwa usiku kucha kwenye hewa ya bahari. Upepo wa kusi ukivuma, hata mlango wa kioo wa saluni yangu ya zamani, uliokuwa mbali na ufuo, asubuhi ulikuwa na ukungu wa chumvi. Ongeza malori ya chumvi yanayoshuka kutoka Gongoni na Marereni. Ongeza maji ya visima, ambayo wengi wetu huoshea kwayo siku mfereji ukikauka, na ambayo ukiyaonja ulimi unajua. Chuma na chumvi vikikutana, kutu haina subira.

Ndiyo maana nikiona rimu za mbele nyeusi kuliko za nyuma sishangai. Breki za mbele ndizo zinazobeba kazi kubwa ya kusimamisha gari, na magari mengi madogo nyuma yana breki za dramu, ambazo unga wake hubaki ndani. Na magari hayalingani. Probox ya teksi rimu zake husafishika bila vita. Gari la Kijerumani la mzee wa Kiitaliano, lisilotembea zaidi ya kwenda Casuarina na kurudi, huja jeusi kila wiki, kwa sababu pedi za magari mengi ya Ulaya zina chuma zaidi: hubana vizuri, na humwaga unga mwingi. Mwenye gari alidhani breki zake ni mbovu. Breki hazikuwa na neno, ndivyo zilivyo.

Tuje kwenye hiyo asidi.

Inauzwa kwenye chupa za soda. Ukienda dukani ukasema unataka ya kuoshea choo au ya kutoa saruji kwenye vigae, unapimiwa, unafungiwa kifuniko, unaondoka. Hakuna lebo, hakuna onyo, na chupa bado ina picha ya machungwa. Mtoto mwenye kiu akiikuta uwanjani atafanya nini? Nawauliza wenye maduka, na nawauliza wanaopaswa kuwakagua.

Sibishi kwamba inasafisha. Ukiimwaga kwenye rimu yenye kutu inachemka, povu linatoka, na ukipiga maji rimu ni nyeupe pe! Mteja anatabasamu, anatoa na ya chai. Kijana naye anaona amepata siri ya kazi. Lakini asidi haichagui. Ikimaliza kutu inaingia pale vanishi ilipokwaruzwa na mawe, inakula alumini iliyo chini yake, na vanishi inaanza kubanduka kandokando ya tundu la nati. Baada ya muda rimu inakuwa na mawingu, halafu unga mweupe, halafu inashika uchafu upesi kuliko mwanzo kwa sababu haina tena ngozi. Mteja anarudi akitaka asidi zaidi. Mvuke wake nao hautoki bure: nati zinageuka nyekundu, diski inaota kutu, na kijana aliyechuchumaa na uso wake karibu na gurudumu anaivuta yote.

Kijana mmoja alikuja kuomba kazi kwangu akitokea mahali pengine, sitapataja. Nilimwambia anyooshe mikono. Aliyewahi kufanya kazi ya nywele hutazama mikono kabla ya uso. Ncha za vidole zilikuwa laini na zinang'aa, mistari ya vidole imefutika, kucha mbili zimekuwa manjano na zimeachana na nyama. Nikamwuliza, "Mwanangu, mlikuwa mkiosha na nini?" Akasema, "Dawa ya rimu, Mama." Glavu? Hakuwahi kupewa. Aliambiwa anawe kwa maji mengi, na siku nyingine maji mengi hayakuwapo. Leo yuko kwangu na ndiye mwenye mkono mwepesi kuliko wote.

Tena kuna wajuaji wanaochanganya asidi hiyo na Jiki ili "ipate nguvu". Ndugu zangu, mkichanganya hivyo mnatengeneza gesi ya klorini, na gesi hiyo huunguza mapafu. Msijaribu hata nje kwenye upepo.

Na zipo dawa za rimu zenye chupa nzuri, zilizotoka ng'ambo, ambazo ndani yake mna asidi za jamii ya floridi. Hizo ndizo ninazoziogopa kabisa. Zikikugusa unaweza usisikie kitu, ukaendelea na kazi, saa kadhaa baadaye maumivu yakaanza ndani kabisa, kwa kuwa hupenya ngozi na kwenda kushikana na kalisi ya mwili. Hiyo si ya kupaka mafuta ya nazi ukalala. Ni ya kukimbilia hospitali na chupa yake mkononi. Geuzeni chupa msome. Mkiona neno lenye "fluor" ndani yake, irudisheni kwenye rafu.

Kuna wateja wanaosema, basi kama si asidi tumieni kostiki, ile soda kali inayounguza, au ile dawa ya kusafishia ovena. Hapo saluni ilinifundisha mapema. Rilaksa ya zamani, dawa ya kunyoosha nywele, ilikuwa na kostiki, na sheria ya kwanza tuliyopewa ni kwamba haikorogwi kwenye bakuli la alumini. Bakuli la plastiki, mwiko wa plastiki wa kupakia. Kostiki hula alumini na kutoa mapovu ya gesi. Sasa rimu ya aloi ni nini kama si alumini? Dawa iliyokatazwa kwenye bakuli la shilingi hamsini mnataka kuipaka kwenye rimu za maelfu?

Dawa yenyewe ya madoa haya ipo, na nilipofunguliwa chupa yake mara ya kwanza nilicheka, kwa sababu harufu niliijua. Ni harufu ya kalikiti, ile dawa ya kukunja nywele! Wanawake wenzangu waliokaa chini ya kikausha nywele miaka ile wanaikumbuka: kitu kama yai viza lililotiwa manukato ili lisitiriwe, na manukato yakashindwa. Nikasoma lebo, nikakuta ni ukoo uleule, thayoglikoleti. Kwenye nywele hulegeza viungo vya ndani ili nywele ikubali kujikunja. Kwenye rimu hushika chuma, chuma peke yake, na ikikishika hugeuka rangi ya zambarau. Nyingi za dawa hizi haziko upande wa asidi kali wala wa kostiki, ndiyo maana vanishi nzima haziidhuru.

Kwetu tunafanya hivi. Gari likija likiwa la moto tunaliegesha kivulini chini ya mwarobaini, dereva akanywe chai. Naweka mgongo wa mkono karibu na rimu, halafu juu yake. Kama siwezi kuuacha hapo, bado. Dawa juu ya rimu ya moto hukauka kabla haijafanya kazi na kuacha madoa yake yenyewe, na maji baridi juu ya diski inayounguza yanaweza kuipinda, usukani ukaanza kutetemeka kila ukifunga breki. Rimu ikipoa tunaiosha kwanza kwa maji na shampuu ili tope lote liondoke, maana dawa ni ghali na hatutaki iishie kwenye vumbi jekundu la njiani. Tunapangusa maji yaliyosimama. Ndipo tunapuliza dawa, gurudumu moja kwa wakati, kijana akiwa na glavu na upepo ukiwa mgongoni mwake.

Mwanzo huoni kitu. Rimu imelowa tu. Halafu pembeni mwa nati, kwenye kona ambazo brashi haifiki, panatokea vidoti vya zambarau, vinakua, vinaanza kuteleza chini kwa michirizi, na rimu iliyosemekana ni safi inalia rangi kama mtoto aliyekula zambarau za msimu. Wateja hupenda kusimama hapo na kupiga picha. Mimi naangalia saa na naangalia ukingo wa juu, kwa kuwa ndiko kunakoanza kukauka. Haikauki! Kama ilivyo rilaksa kichwani, dawa huachwa muda wake na kuondolewa kwa wakati wake, na mwenye mteja wa pili asimsahau wa kwanza. Dakika chache zinatosha. Chupa husema ngapi. Kabla haijakauka tunapitisha brashi laini, ya nywele ndefu, mpaka nyuma ya mikono ya rimu, halafu maji mengi. Doa sugu hurudiwa mara ya pili. Rimu ambayo haijaguswa kwa miaka hurudiwa tena, na hapo namwambia mwenye gari aniachie mpaka jioni.

Mara nyingine zambarau imekwisha kutoka na bado kuna nukta nyeusi. Hiyo ni lami, si chuma, na hapo kitambaa chenye mafuta ya taa kidogo kinamaliza habari, kisha rimu inaoshwa upya kwa shampuu. Kinachobaki baada ya hapo tunakitoa kwa ule udongo laini wa kusafishia rangi ya gari, ukitelezeshwa juu ya maji ya sabuni bila kukandamiza. Waya wa kusugulia sufuria haukanyagi kwangu. Unakwaruza vanishi, na vipande vyake vya chuma vinabaki kwenye mikwaruzo na kuota kutu, yaani umelipa pesa kuongeza ugonjwa uliotaka kuutibu. Mwisho tunakausha kwa kitambaa, kwa sababu maji ya kisima yakiachwa yakauke yenyewe huacha ramani nyeupe. Mwenye kutaka tunampakia nta. Haizuii unga wa breki, lakini safari ijayo mwingi huondoka kwa shampuu tu.

Jambo moja ambalo mwosha magari huliona kabla ya fundi, nalisema kwa sababu linaweza kuokoa mtu. Rimu mbili za mbele zinatakiwa zifanane. Moja ikiwa nyeusi tii na mwenzake ina vumbi la kawaida, tena ni ya moto kuliko mwenzake, huenda kalipa, kile kibano kinachosukuma pedi, imeshika na pedi haiachii diski. Na ukiona upande wa ndani wa rimu au tairi umelowa kitu cha utelezi, kisiwe grisi wala maji, usioshe ukanyamaza: yaweza kuwa mafuta ya breki yanavuja. Vijana wangu wameambiwa wamwite dereva aone kwa macho yake kabla hawajapiga maji. Kuna dereva wa gari la watalii alitaka kuondoka hivyohivyo kwenda Tsavo. Alikasirika, akampigia fundi, fundi akaja na jeki yake. Akaondoka jioni.

Na kuhusu vumbi lenyewe, tusilichezee. Nimewaona mafundi wakifungua dramu za magari ya zamani na kupuliza ndani kwa hewa ya kompresa, wingu likawafunika wao na watoto wanaotazama. Pedi za zamani, na bitana zinazobana ndani ya dramu, zilitengenezwa kwa asibesto, na asibesto huleta saratani. Japani, kunakotoka magari yetu mengi, iliikataza kwenye breki mwaka 2004. Gari la kabla ya hapo, au lililofungwa bitana usizojua zilikotoka, dramu yake ilowanishwe na kupanguswa, isipulizwe. Hata unga usio na asibesto si wa kuvuta. Umoja wa Ulaya ulipopitisha kanuni zake mpya za magari mwaka 2024 uliweka kwa mara ya kwanza kikomo cha unga unaotoka kwenye breki, miligramu 7 kwa kilomita kwa magari ya kawaida. Wenzetu wamekwisha kuacha kuliona kama jambo la rimu tu.

Maji yetu ya kuoshea yanakwenda wapi? Kwangu yanaingia kwenye shimo la mchanga na kokoto, ninalolizoa na kulijaza upya. Si ajabu wala si gharama kubwa. Lakini nimeona viwanja ambavyo mfereji wake unamwaga moja kwa moja mahali ambapo mvua ya masika itausomba mpaka baharini, na Hifadhi ya Bahari ya Malindi, tuliyo nayo tangu 1968, haiko mbali. Jimbo la Washington kule Marekani lilitunga sheria mwaka 2010 ya kupunguza shaba kwenye pedi, kwa sababu shaba inayosombwa na mvua hudhuru samaki. Sisi tunaokula changu na tafi tusingojee kuambiwa, hasa mtu anapoongeza na asidi juu yake.

Kwa hiyo ombi langu kwa kaunti si kubwa. Asidi isiuzwe kwenye chupa za soda. Iwe na chupa yake, jina lake na onyo lake kwa Kiswahili kinachosomeka. Mkaguzi anayekuja kwangu kuuliza leseni ya biashara, jambo analolifanya kwa bidii nisiyoweza kuilalamikia, aulize pia glavu ziko wapi.

Kwa wateja nitasema hivi: kuosha gari dogo kwangu ni shilingi 300, na hiyo ni kazi ya maji, shampuu na kitambaa. Rimu zilizoganda unga wa breki ni kazi nyingine yenye dawa yake, muda wake na bei yake, nami hukwambia kabla sijaanza. Ukitaka zote kwa 300 na uondoke kabla chai haijapoa, yuko atakayekukubalia, na chupa yake ya machungwa iko nyuma ya ndoo.

Na wewe bwana uliyeandika, kabla hujaenda kwake, papasa madoa yako kwa ncha ya kucha. Ukisikia vipele vikwaruzavyo kama msasa, vanishi bado ipo na chuma kimekaa juu yake; hicho kinatoka. Ukikuta pamebanduka, kuna ukingo unaonasa kucha na weupe chini yake, hakuna wa kuosha atakayekusaidia, si mimi wala mwingine. Hapo ni pa fundi wa rangi, avue rimu, aipige msasa, aipake upya, nawe usimlipe mtu wa maji hata shilingi. Ukiwa hujui ni lipi, lilete gari asubuhi kabla halijapata moto, kuangalia sitozi. Ijumaa tunafunga saa sita kwa ajili ya swala na kufungua tena saa nane.

Mama Saluni,
Maweni, Malindi